Sayyidna Abu Huraira (r.a.) na Haki ya Paka

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa viumbe vyote, vyenye kusema na visivyosema. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Ndugu zetu wasomaji, katika darasa zetu tumekuwa tukiyapitia maisha ya Masahaba mmoja baada ya mmoja. Safari hii tumemchagua yule ambaye jina lake husikika katika misikiti yetu pengine kuliko jina la Sahaba mwengine ye yote, kwani ni nadra kusomwa darasa ya hadithi asitajwe. Naye ni Sayyidna Abu Huraira (r.a.). Wengi wetu hulitaja jina hili mchana na usiku bila ya kufikiri kuwa maana yake ni Baba wa Kipaka. Tena katika miji hii hii yetu ya pwani, ambamo jina hilo huheshimiwa, paka hutiliwa sumu majaani, na vitoto vyao hutiwa ndani ya magunia vikatupwa baharini. Wafanyao hayo huondoka hapo wakaenda kusali, wasione kuwa wametenda neno. Basi tumeona ni wajibu kuyaeleza maisha ya Sahaba huyu mtukufu, na kuyaeleza aliyotufikishia kutoka kwa Bwana Mtume (s.a.w.) katika jambo hili, ili asiyejua ajue, na anayejua akumbuke.

JINA LAKE NA ASILI YAKE

Wanavyuoni wamekhitalifiana sana juu ya jina lake, hata Imam Nawawi ametaja kuwa kauli zimefika kama thelathini. Iliyo na nguvu zaidi ni kuwa aliitwa Abdurrahman bin Sakhr. Zamani za ujahili jina lake lilikuwa Abdu Shams, yaani mja wa jua, na alipoingia katika dini ya haki jina hilo likaondoka, kwani Muislamu hawi mja wa jua wala wa mwezi. Kabila lake ni Daws, nalo ni tawi la Azd, watu waliokaa katika milima ya upande wa kusini wa Makka, na ambao huhisabiwa katika watu wa Yemen. Mamake, kwa kauli ya wengi, ni Umaima binti Subaih.

Alikulia yatima, tena maskini. Kazi yake utotoni ilikuwa ni kuwachunga mbuzi na kondoo wa jamaa zake. Huko machungani alikuwa na kipaka kidogo. Usiku ukiingia hukiweka juu ya mti, na asubuhi hukitwaa akaenda nacho, akicheza nacho mchana kutwa. Watu wake walipoona hivyo wakampa lakabu ya Abu Huraira. Khabari hii aliieleza yeye mwenyewe alipoulizwa sababu ya jina lake, na Imam Tirmidhi ameipokea.

Tusiipite khabari hii kama mchezo wa mtoto tu. Yatima huyu hakuwa na mali, lakini hakungoja atajirike ndipo amhurumie kiumbe aliye dhaifu kuliko yeye. Jina alilopewa kwa ajili ya tendo hilo dogo halikufutwa na Uislamu kama lilivyofutwa lile la mja wa jua. Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akimwita Aba Hirr, yaani Baba wa Paka, kwa upole na mapenzi.

KUSILIMU KWAKE

Aliyewaletea watu wa Daws mwito wa Uislamu ni mkubwa wao mmoja, naye alikuwa mshairi, jina lake Tufail bin Amr. Huyu alisilimu Makka kabla ya Hijra, akarejea kwao kuwalingania watu wake, nao wakawa wazito wa kuitika. Akaenda kwa Bwana Mtume (s.a.w.) kuwashitakia, akimtaka awaapize. Bwana Mtume akainua mikono, na watu wakadhani Daws sasa wameangamia, kumbe alikuwa akiwaombea uwongofu. Na khabari hii imepokewa na Abu Huraira mwenyewe.

Dua ile ikakubaliwa. Mwaka wa 7 wa Hijra (628) yeye na jama'a kubwa ya watu wa Daws wakasafiri mpaka Madina. Walipofika walikuta Bwana Mtume (s.a.w.) amekwenda katika vita vya Khaibar, na amemwacha Siba' bin Urfuta kuwa naibu wake, wakasali nyuma yake sala ya Alfajiri. Katika safari hiyo Abu Huraira alikuwa na mtumwa mmoja, wakapoteana njiani. Siku alipokuwa amekaa mbele ya Bwana Mtume (s.a.w.) baada ya kumpa ahadi ya Uislamu, mara mtumwa yule akatokea. Bwana Mtume akamwonyesha kuwa yule pale mtumwa wako, na papo hapo Abu Huraira akamwacha huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Mtu aliyefika Madina mkono mtupu akatoa kitu pekee alichokuwa akimiliki.

NJAA YAKE KATIKA MSIKITI WA MTUME

Madina hakuwa na nyumba wala biashara wala shamba. Akakaa pamoja na Watu wa Suffa, nao ni mafakiri waliokuwa wakilala chini ya kipaa kilichokuwa nyuma ya Msikiti wa Mtume, wakingoja Mwenyezi Mungu atakacho wafungulia. Aliipata njaa mpaka ikambidi afunge jiwe tumboni. Mara nyengine alikuwa akianguka amezimia baina ya mimbari na chumba cha Bibi Aisha (r.a.), na mpitaji humwekea mguu shingoni akidhani ana wazimu, naye hana wazimu wo wote ila njaa tu.

Siku moja alikaa katika njia wapitayo watu. Akapita Sayyidna Abubakar (r.a.), naye akamwuliza juu ya aya ya Qur'ani, si kwa kuwa haijui, bali kwa kutumai atamchukua kwake amlishe. Abubakar akamjibu akaenda zake. Kisha akapita Sayyidna Umar (r.a.), ikawa vivyo hivyo. Kisha akapita Bwana Mtume (s.a.w.), akamtazama, akatabasamu, akalijua lililomo usoni mwake na nafsini mwake, akamwambia amfuate. Nyumbani wakakuta bakuli la maziwa lililoletwa hadiya. Abu Huraira akaona amepata wokovu, lakini Bwana Mtume akamtuma awaite Watu wa Suffa wote. Jambo hilo likamwia zito moyoni, kwani bakuli ni moja na watu ni wengi, na yeye ndiye atakayewagawia. Hata hivyo akatii. Akawapa mmoja mmoja mpaka wote wakashiba, asibaki ila yeye na Bwana Mtume (s.a.w.). Akaamrishwa anywe, akanywa, akaamrishwa tena na tena, hata akaapa kuwa hana tena pa kuyaweka. Ndipo Bwana Mtume akamshukuru Mwenyezi Mungu, akapiga bismillahi, akayanywa yaliyosalia.

Tumeirefusha khabari hii kwa sababu. Anayezisoma hadithi za Abu Huraira juu ya mnyama mwenye njaa na mnyama mwenye kiu yampasa ajue kuwa aliyezipokea hakuwa mtu aliyeshiba. Alijua kwa tumbo lake mwenyewe ni nini kumkodolea macho mpita njia, ukangoja je, atakutazama au atakupita.

MAMAKE

Mamake alikuja naye, lakini alikaa katika ushirikina, na kila alipomlingania alikataa. Siku moja akamsikilizisha juu ya Bwana Mtume (s.a.w.) maneno mabaya yaliyomwumiza. Abu Huraira akaenda kwa Bwana Mtume akilia, akamwomba amwombee mamake uwongofu, naye akamwombea. Aliporejea nyumbani akakuta mlango umeshindikwa, akasikia sauti ya maji, na mamake akamwambia angoje. Kumbe alikuwa akikoga. Akavaa, akafungua mlango, akashuhudia kuwa hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Mwenyezi Mungu, na kuwa Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Abu Huraira akarudi kwa Bwana Mtume (s.a.w.) akilia tena, lakini mara hii kwa furaha.

ELIMU YAKE

Hakukaa na Bwana Mtume (s.a.w.) ila miaka mitatu hivi, lakini hapana Sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko yeye. Zilizohisabiwa kuwa zimetoka kwake ni 5,374 pamoja na zilizokaririwa, na Imam Bukhari amesema kuwa waliopokea kwake ni kama watu 800. Watu katika zama zake walipostaajabu kwa wingi huo, yeye aliwaeleza sababu: ndugu zake Muhajirina walikuwa wakishughulishwa na biashara masokoni, na ndugu zake Ansari wakishughulishwa na mali zao, na yeye ni maskini aliyeandamana na Bwana Mtume kwa shibe ya tumbo lake, akahudhuria wasipohudhuria, na akahifadhi waliyoyasahau. Tena alimshitakia Bwana Mtume (s.a.w.) kuwa anasahau, akaamrishwa aitandike shuka yake. Bwana Mtume akafanya kwa mikono yake kama anayechota kitu akakitia humo, kisha akamwamrisha aikunje. Tokea hapo hakusahau alilolisikia.

ALIYOYAPOKEA KATIKA MAMBO YA WANYAMA

Katika hadithi hizo ziko ambazo kila Muislamu mwenye mnyama, au mwenye kukaa mtaa mmoja na wanyama, yampasa azijue.

Ametupokelea khabari ya mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa, na alipotoka akamwona mbwa ananyong'onyea, anakula udongo kwa kiu. Akashuka tena, akajaza maji kiatu chake, akakiuma kwa meno mpaka akapanda, akamnywesha yule mbwa, na Mwenyezi Mungu akamshukuru kwa tendo hilo akamsamehe. Masahaba wakauliza, kumbe na katika wanyama tuna ujira? Bwana Mtume (s.a.w.) akawajulisha kuwa katika kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe chenye uhai, upo ujira. Ametupokelea vile vile ya mwanamke mzinifu wa Bani Israili aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa maji kwa kiatu chake.

Kisha ametupokelea hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka. Alimfunga, hakumlisha wala hakumnywesha, wala hakumwachia akajitafutia mwenyewe wadudu wa ardhini, mpaka akafa.

Bibi Aisha (r.a.) alipoipata hadithi hii aliona ni jambo zito Muumini aadhibiwe kwa ajili ya paka, akasema kuwa mwanamke yule pamoja na tendo lake alikuwa kafiri, na akamtaka Abu Huraira aangalie anavyosimulia. Hatuifichi khabari hii, kwani hivyo ndivyo walivyokuwa Masahaba: walipimana katika elimu wala hawakubezana. Lakini hadithi yenyewe haikutoka kwa Abu Huraira peke yake. Ameipokea Ibn Umar, na ameipokea Jabir, na ameipokea Asma binti Abubakar (r.a.), naye ni dada yake Bibi Aisha. Yeye ameeleza kuwa Bwana Mtume (s.a.w.) alipokuwa akisali sala ya kupatwa kwa jua alionyeshwa Moto, akamwona humo mwanamke yule anaparurwa na paka. Na Imam Nawawi, ambaye sisi watu wa madh-habi ya Shafi twamtegemea, ameshikilia kuwa mwanamke yule alikuwa Muislamu, na kuwa kilichomtia Motoni ni paka huyo.

Izingatieni hadithi hii, ndugu zetu, kwani imeyaweka mambo katika mizani. Haikumlaumu mwanamke kwa kutompenda paka. Imemlaumu kwa kumzuilia njia mbili kwa pamoja: hakumlisha, na hakumwacha akajilisha. Aliyemtwaa mnyama akamweka ndani ana deni la kumlisha. Asiyeweza kumlisha, basi asimfunge. Hiyo ni haki ya mnyama, si hisani ya mwenye nyumba.

Na tuiongeze hadithi moja ambayo mpokezi wake si Abu Huraira bali ni Abu Qatada (r.a.). Mke wa mwanawe, Kabsha binti Ka'b bin Malik, alimmiminia maji ya udhu. Akaja paka kutaka kunywa, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha akawa anatazama kwa mshangao, na Abu Qatada akamweleza kuwa Bwana Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa paka si najisi, yeye ni katika wenye kutuzungukazunguka majumbani mwetu. Hadithi hii imo katika Muwatta ya Imam Malik na katika Sunan zote nne.

WALIYOYAZUSHA WATU

Kama ilivyo desturi ya jarida hili, yatupasa kutenga sahihi na uzushi. Watu husimulia kuwa Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa na paka aitwaye Muezza, na kuwa paka huyo alilala juu ya mkono wa kanzu yake, naye akaukata mkono wa kanzu asimwamshe. Kisa hiki hakimo katika vitabu vya hadithi. Na ile isemwayo kuwa kupenda paka ni katika imani, wanavyuoni wa hadithi wameihukumu kuwa ni ya kuzushwa. Hatuna haja ya kumzulia Bwana Mtume (s.a.w.) ili tumtendee paka mema. Mambo sahihi yaliyothibiti yatosha, tena ni mazito kuliko visa hivyo, kwani visa vile hutufanya tutabasamu tu, na hadithi ya yule mwanamke hututia khofu.

UTAWALA WAKE NA KUFA KWAKE

Baada ya kufa Bwana Mtume (s.a.w.) maisha yake yalibadilika. Katika ukhalifa wake Sayyidna Umar (r.a.) alimtawalisha Bahrain, na jina hili siku hizo lilikuwa la pwani yote ile ya mashariki ya Bara Arabu. Kisha akamwita akamfanyia hisabu ya mali aliyokuja nayo, kama ilivyokuwa ada yake kwa maliwali wote. Abu Huraira akaeleza kuwa ni farasi wake waliozaana, na pato la mtumwa wake, na zawadi zilizomfikia. Umar akaitwaa. Baadaye akamtaka arudi katika kazi, naye akakataa.

Alimwoa Busra binti Ghazwan, ambaye zamani yeye Abu Huraira ndiye aliyekuwa mwajiriwa wake bibi huyo kwa ujira wa chakula tu na kupokezana kupanda mnyama safarini. Nyumba yao iligawa usiku mafungu matatu: yeye husali fungu moja, kisha humwamsha mkewe, na mkewe humwamsha mtumishi. Katika zama za Bani Umayya alikuwa akishika unaibu wa uliwali wa Madina kila Marwan alipoondoka. Waandishi wa tarekhe wamesimulia kuwa alionekana sokoni amebeba mzigo wa kuni mgongoni, akiwaambia watu kwa mzaha wampishe liwali. Cheo hakikumsahaulisha machungani.

Alipokaribia kufa alilia. Akaulizwa, akaeleza kuwa haililii dunia, bali analilia urefu wa safari na uchache wa masurufu. Akausia kuwa kaburi lake lisipigwe hema, na jeneza lake lisifuatwe na chetezo cha moto, na waende naye upesi. Wausikie wasia huu wale wajengao juu ya makaburi! Alikufa baina ya mwaka wa 57 na 59 wa Hijra (baina ya 676 na 679), kwa khitilafu ya wapokezi, naye ana umri wa miaka 78, akazikwa Baqi'. Mwenyezi Mungu amwie radhi.

YATUPASAYO SISI

Sasa tuirudie miji yetu. Apitaye katika vichochoro vya Lamu, au katika Mji wa Kale wa Mombasa, au penye soko lo lote la samaki pwani hii, atawaona paka makundi kwa makundi, wengine wamekonda, wengine vipofu kwa maradhi, na majike wana mimba juu ya unyonyeshaji. Paka jike huweza kushika mimba naye hajatimiza nusu mwaka, mimba yake ni miezi miwili tu na kidogo, naye huweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka, na kila uzao vitoto vinne au zaidi. Wingi wa vitoto hivyo hufa kwa njaa na maradhi. Hiyo ndiyo hali, na watu wameikabili kwa njia mbili, zote mbili mbaya.

Njia ya kwanza ni ya sumu na gunia. Hii ni dhuluma, na Bwana Mtume (s.a.w.) ametuamrisha wema hata katika kuchinja. Tena haina faida. Maadamu jaa liko wazi na matumbo ya samaki yamemwagwa, paka wa mtaa wa pili watahamia pale walipokufa wa kwanza, na waliosalia watazaa wajaze pengo. Na sumu haichagui. Huua kuku wa jirani, na mtoto mdogo huenda akaiokota.

Njia ya pili ni ya huruma isiyo na akili. Mtu huwatwalia watoto wake kipaka wachezee. Kikikua na kuzaa wakachoka nacho, hukipeleka sokoni au ufukweni usiku, wakakitupa huko, wakasema wamekiachia huru. Je, huku ni kuachia kunakotajwa katika hadithi? Kuachia ni kumwacha mnyama ajitafutie pale anapoweza kujitafutia. Kipaka kilicholelewa kwa kulishwa mkononi, kikatupwa mahali kisipopajua, penye paka wengine wenye nguvu, hakikuachiwa. Kimefungiwa mlango wa riziki kwa nje badala ya kwa ndani.

Wako waliotutangulia walioliona jambo hili kuwa ni la umma mzima. Huko Misri, Sultan Baibars, aliyekufa mwaka 1277, aliacha bustani nje ya Cairo iwe wakfu wa paka wasio na wenyewe. Mwandishi wa Kiingereza Edward Lane, aliyekaa Cairo katika miaka ya 1820 na 1830, ameeleza kuwa bustani hiyo ilikwisha kuuzwa mara kwa mara hata ikawa haina pato la maana, lakini Kadhi alikuwa akiendelea kuwatolea paka chakula uani kila alasiri. Sisi wenye kujua yaliyozipata wakfu nyingi tutafahamu maana ya khabari hiyo bila ya kufafanuliwa.

Lakini kulisha peke yake hakuupunguzi wingi, na katika zama zetu kuna njia ambayo wa kale hawakuwa nayo. Paka hunaswa katika kizimba kwa chambo, hupelekwa kwa daktari wa wanyama, akalazwa kwa dawa ya usingizi asihisi maumivu. Dume huhasiwa na jike hutolewa kizazi. Hudungwa sindano ya kumkinga na kichaa cha mbwa, na hukatwa ncha ya sikio iwe alama. Akipona hurudishwa mtaa wake ule ule. Hapo hukaa, huzuia panya, huwazuia paka wageni, wala hazai tena. Sharti lake ni wafanyiwe wengi wa paka wa mtaa mmoja kwa wakati mmoja. Wakifanyiwa wawili watatu tu, waliobaki wataujaza mtaa upya.

Hapa msomaji wa fikhi atatupinga, na haki yake kutupinga. Imam Nawawi amekataza kumhasi mnyama asiyeliwa, mdogo na mkubwa, akaruhusu anayeliwa akiwa mdogo tu. Hatuirushi kauli hii. Lakini wanavyuoni wa Hanafi wameruhusu ikiwa iko maslaha, na katika wanavyuoni wa zama zetu Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaimin, aliyefariki mwaka 2001, ameruhusu kwa paka khasa, ikiwa wamezidi na wanaudhi na tendo lenyewe haliwadhuru, kwani hilo ni bora kuliko kuwaua baada ya kuumbwa. Kuhasi kulikojulikana zamani kulikuwa ni kwa kisu na mnyama yu macho, na leo hulazwa asijue lililopita. Tena chaguo lililo mbele yetu si baina ya paka kuzaa na kutozaa. Ni baina ya kuzuia uzazi kwa upole na kuvitupa vilivyozaliwa baharini. Sisi twaona la kwanza ndilo lenye nguvu, na asiyeridhika na awaulize mashekhe wake. Asiyeridhika na hili asiridhike na gunia pia.

Basi haya ndiyo tunayoyausia. Kwanza, asitwae kipaka ila aliyeazimu kukilisha mpaka kife. Pili, mwenye paka jike amtengeneze asizae ovyo, kwani vitoto vitakavyokufa majaani vitakuwa vimetoka nyumbani kwake. Tatu, jama'a za mitaa na za misikiti zichange, kwani gharama ya mtaa mzima ni nzito kwa mtu mmoja na nyepesi kwa watu mia. Nne, majaa yafunikwe na masoko yasafishwe, kwani usafi ni katika dini, na taka ndiyo iwavutayo. Tano, anayelisha alishe mahali pamoja na wakati mmoja, aondoe masalio, asiwaudhi majirani, kwani jirani naye ana haki yake.

Siku ile Abu Huraira alikaa njiani na njaa, wakapita watu bora katika umma huu wasijue la moyoni mwake, mpaka akapita yule ambaye alimtazama usoni akafahamu. Paka wa mitaa yetu nao wamekaa njiani, na wapitao ni sisi. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kutazama, na atukinge tusiwe katika wenye kufunga milango.

Wabillahi ttawfiq.